Saa Tatu Kutoka Dubai Hadi Bombay

Rose, sikia ya leo.

Unakumbuka mwaka 1996 baba mdogo Machibya alipoanza kufuata redio Dubai? Safari moja alichelewa siku tatu. Akamwambia mama mdogo Odeta kwamba alipitia Bombay, na ndege ya huko huruka siku tatu. Mama mdogo akaamini.

Leo mchana mzee Seif, aliyekuwa akisafiri na baba mdogo, anasema mezani, "Dubai hadi Bombay ni saa tatu tu."

Saa tatu, Rose. Siyo siku.

Mama mdogo akaweka tonge chini. "Sasa wewe siku zile ulikuwa wapi?"

Baba mdogo akasema, "Misungwi, hapa hapa nchini. Nina mtoto wa kike kule."

Mama mdogo hakulia. Akajifunga kanga. "Nipeleke nikamwone."

Wameondoka sasa hivi. Mzee Seif bado yuko mezani, ananiuliza amekosea nini.