Anza Kazi Ukihisi Baridi

Kambini,
Jumapili alasiri, baada ya kufua.

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limepoa, na ile sauti yako ya kuita kuku haijapungua nguvu. Mimi ni mzima, ukiacha midomo iliyopasuka kwa upepo na kidole gumba nilichokigonga kwa sururu kwa uzembe wangu mwenyewe. Kibibi hajambo? Nasikia jino la mbele limeng'oka na sasa anawaamrisha watoto wa mtaa mzima kwa pengo lake. Mbusu mashavu yote mawili. Mwambie baba yake anamkumbuka kila asubuhi anapofunga vifungo, maana yeye ndiye aliyekuwa akinikagua kabla sijaenda kazini, na hakuwa na huruma.

Utajiuliza kwa nini naandika ilhali simu ipo. Mama, simu ya nyumbani kwako ni redio ya mtaa. Mjukuu wako huiweka kwenye spika, na nikikohoa tu, muuza mkaa ananitakia afya njema. Jambo nililo nalo halitaki spika. Ni ombi, na linakuhusu wewe kuliko mtu yeyote. Nimeliweka mwishoni kwa sababu bila yaliyotangulia utalikataa kabla miwani haijakaa sawasawa puani. Ukilikubali, maisha yangu yataanza upya. Ukilikataa, litakufa hapohapo na sitalifufua. Kwa hiyo nakusihi, mara hii usimpe Kibibi akusomee. Soma mwenyewe, pole pole, ukiwa umekaa.

Kazi bado ni ileile ya kuchimba mtaro wa bomba la maji, kutoka bwawa la juu kilimani hadi mitaa mipya ya bondeni. Wewe uliyenibatiza jina la mkwe wa tanuri unajua nilivyoishi: miaka yote mbele ya moto wa mikate, baridi nikiisikia kwa wateja tu. Huku baridi haibishi hodi. Asubuhi udongo wa juu umeganda, sururu inadunda kana kwamba umepiga jiwe, na maji ya kunawa lazima uyavunje kwanza kwa kijiti. Wiki ya kwanza nilijiuliza ni dhambi gani niliyoitenda kule kiwanda cha mikate mpaka wakafunga milango nami nikaishia hapa.

Sasa nianze na koti. Lile koti zito la marehemu Baba, ulilonivisha siku ya kuondoka ukaniapisha nisilivue mpaka nirudi, nimelivua. Ngoja kwanza, usiitupe barua. Siku yangu ya kwanza nilivaa kila kitu nilichokuwa nacho: mashati manne, masweta mawili, koti lako juu, na soksi jozi tatu ndani ya buti. Nilitembea kama gunia la ngano lililopata miguu. Msimamizi wetu, ambaye kila mtu anamwita Kitunguu, alinizunguka mara mbili, kisha akaniuliza kama nahisi joto. Nikajibu kwa majivuno kwamba nimeiva vizuri. Akaniambia basi nirudi ndani nikavue.

Hiyo ndiyo sheria yake, Mama, nami nilidhani ni ukatili. Kila asubuhi kabla ya kupewa sururu tunasimama nje ya kibanda kwa muda, upepo ukitupiga. Anayejisikia raha anarudishwa ndani kupunguza nguo moja. Kitunguu anasema anza kazi ukihisi baridi, kazi yenyewe itakuvisha. Ukianza ukiwa na joto, utachimba kidogo tu na jasho litakutoka, na jasho ndilo linaloua huku, wala si baridi. Baridi inamngoja tu mtu aliyelowa.

Alinifundisha kuvaa kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanagenzi kukanda unga. Nguo ya kwanza ni ya jasho: nyepesi, ya sufu, imeshika mwili ili iunyonye unyevu na kuutoa. Ya pili ni ya joto, sweta moja au mawili mepesi unayoweza kuvua na kuvaa bila ugomvi. Ya tatu ni ya upepo na mvua, jaketi pana lisilobana. Unavua moja unapochimba, unairudisha unapopumzika, kabla hujaanza kutetemeka. Soksi jozi tatu nilizozivaa ili nipate joto ndizo zilizonigandisha vidole, maana zilijaa ndani ya buti mpaka damu ikakosa pa kupita. Nilipobaki na jozi moja nene na nafasi ya kuchezesha vidole, miguu ikarudi kuwa yangu. Koti la Baba ni zito mno kwa mtaroni, ila ndilo blanketi langu, na hakuna mtu kambini anayelala vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo kiapo nimekivunja mchana tu.

Jambo la pili la huku ni kioo. Mtu hawezi kuona pua yake ikiganda, Mama. Inaanza kuwa nyeupe, haiumi, na wewe unaendelea kupiga soga. Ndiyo maana kila mfanyakazi anapangiwa mwenzake wa kumtazama usoni kila baada ya muda, na mwenzako huyo anaitwa kioo chako. Mimi nilipangiwa fundi wa kuunga mabomba, mwanamke wa rika langu au pungufu kidogo, mwenye mikono migumu na ulimi usiolala. Siku ya kwanza aliniambia kwamba amepewa vioo vingi maishani lakini hiki ndicho cha kwanza chenye masikio makubwa hivi, na kwamba nitampa kazi, kwa kuwa masikio ndiyo huganda mapema.

Tulizoea. Anapiga makofi mawili, nageuka, ananitazama pua, mashavu, masikio, ananiambia endelea. Nami namtazama vivyo hivyo. Mwanzoni niliona haya, nikawa natazama kofia yake. Aliniuliza kama kofia yake inaumwa.

Sasa nikueleze siku ya lori. Tulikuwa tunachimba sehemu ya mteremko, ngumu kupita zote, na nilichimba kama mwendawazimu, maana zilikuwa siku zilezile za mwaka tulizompoteza mwanao, mke wangu, na sikutaka kuwaza. Nilitokwa na jasho. Kioo changu aliniambia nivue sweta, nikamjibu niko sawa. Akarudia, nikajifanya sisikii. Kisha tukaambiwa tusimame tusubiri lori la mabomba, ambalo lilikwama njiani, na upepo ukabadilika. Unanijua, Mama, mimi nikinyamaza kuna jambo. Yeye naye alikuwa ameshanijua. Alinisikia nimeacha kutania, akaja, akaniona nahangaika na kifungo kimoja kama mlevi. Aliniuliza Kibibi ana miaka mingapi. Nikajaribu kujibu, ulimi ukakataa.

Alinikokota mpaka kibandani, akamwita Kitunguu, wakanikalisha karibu na jiko. Mlango ulikuwa wazi na msimamizi yupo, kwa hiyo usinitilie shaka. Waliponivua sweta na ile nguo ya sufu wakakuta kilichokuwa chini. Nilikuwa nimevaa ile fulana nyeupe ya pamba. Unaikumbuka. Mwanao alininunulia nilipopewa uokaji mkuu, na ilipochanika kwapani aliishona kwa uzi wa buluu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nikiivaa kila siku chini ya ile ya sufu, kwa siri, nikiifua jioni na kuianika juu ya kitanda. Ilikuwa imelowa chapachapa, imenigandia mwilini kama plasta. Pamba ikilowa haikauki huku. Wakaniambia niivue, nikaishika kwa mikono miwili, nikakataa.

Kitunguu alitaka kuikata kwa mkasi. Kioo changu akamzuia, akamwomba achemshe chai, kisha akachuchumaa mbele yangu akaniuliza ni ya nani. Nilimwambia. Maneno yalinitoka vipande vipande, lakini nilimwambia yote, hata habari ya uzi wa buluu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimefikia mlangoni. Hakunipa pole. Alisema mwanamke aliyehangaika kutafuta uzi ili kwapa la mumewe lisikae wazi hawezi kufurahi nguo ileile ikimuua. Kisha akafungua mfuko wake kutafuta fulana kavu.

Niliivua mwenyewe. Nikalia, Mama. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ile nilikuwa nimekushika wewe usianguke. Yeye alinivisha fulana ya kaka yake iliyosinyaa kwenye maji moto, mikono ikiishia kwenye viwiko, na Kitunguu aliporudi na chai akasema naonekana kama mtoto aliyerudia darasa. Tulicheka wote watatu, mimi huku machozi yakiendelea. Fulana ya mwanao niliifua, nikaikunja, iko sandukuni, kavu.

Tangu siku hiyo navaa inavyotakiwa, na Kitunguu ananituma niwafundishe wageni. Nawaambia mimi nilikuwa gunia, nao wanaona kwamba bado niko hai, basi wananisikiliza. Mtaro nao unateremka. Tukisimama juu tunayaona mapaa ya mitaa ya bondeni, na watu wa huko wameanza kupanda kuja kutuuliza maji yatafika lini.

Sasa napiga moyo konde. Mama, nataka kumwoa yule fundi.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nikatoka nje kuzunguka kibanda kabla ya kuendelea. Nakuogopa. Nakumbuka siku watu walipokuwa wanatawanyika baada ya mazishi, yule shangazi mropokaji aliposema mbele yako kwamba mimi bado kijana na nitaoa tu. Ulichukua sufuria ukaingia jikoni ukaisugua, nayo ilikuwa safi. Nimeusikia mlio wa ile sufuria kila mtu alipoanza kunitajia habari za mke, na kila mara nilisema hapana, nikimaanisha kabisa. Safari hii hakuna aliyenitajia. Ilianza siku moja nilipogundua kwamba nasubiri yale makofi mawili, na kwamba tangu mwanao aondoke hakuna mtu mzima aliyenitazama usoni kwa makini akaniambia endelea.

Sikutilii chumvi. Si mrembo wa kusimamisha soko. Chai yake ina ladha ya sufuria. Aliwahi kuolewa, mume akaondoka na hakurudi, na hana mtoto. Anauliza habari za Kibibi kila siku lakini hajawahi kuomba hata picha yake, anasema hiyo ni juu yangu kumwonyesha. Na anauliza habari za mwanao pia. Hilo ndilo lililonimaliza. Naweza kumtaja mke wangu mbele yake bila kuona chumba kikipoa.

Nilipomwambia nia yangu hakuruka kwa furaha. Alimaliza kukaza kiungo cha bomba alichokuwa nacho mkononi, akakijaribu kama kimeshika, kisha akasema jibu lake analo ila hatalitoa kabla ya lako. Alisema hawezi kuingia kwa mtoto kupitia dirishani wakati bibi yake amekaa mlangoni. Sikuwa nimempa wazo hilo, ni lake.

Najua utafikiria nini kwanza, kwamba nitakuja kumchukua Kibibi. Sitamchukua. Wewe ndiye uliyemfundisha kusoma, na nywele zake zinakubali mkono wako tu. Maji yakifika bondeni kazi hii imekwisha, na fundi wa mabomba na mwoka mikate wanaweza kuishi popote. Tungetafuta nyumba karibu na kwako, umbali wa wewe kutuita bila simu, kama unavyoita kuku. Kibibi atakuwa na nyumba mbili za kula na moja ya kuadhibiwa, nawe utachagua yako ni ipi.

Usinijibu kwa haraka, wala kwa kunihurumia. Kama moyo wako unasema hapana, niandikie hapana, sitauliza sababu, na sitapunguza hata simu moja ya Jumapili. Sikuwa mkweo kwa sababu ya harusi peke yake, kwa hiyo harusi nyingine haiwezi kuniondoa. Ukikubali, mimi ni mkweo. Ukikataa, mimi ni mkweo vilevile.

Nisalimie jirani, muuza mkaa, na wote wanaonisikiliza kwenye spika. Goti ulifunge kitambaa cha sufu asubuhi, na ukianza kufagia ukitokwa jasho ukifungue, sasa unajua sababu. Kibibi mwambie nimevaa vizuri.

Nimebakiwa na jambo moja. Yule fundi aliniuliza kama anaweza kukuletea shikamoo yake humu. Nilimwambia sijui, ngoja nikuulize kwanza. Basi bado anayo, Mama, anasubiri.

Ni mimi mwanao,
Baba Kibibi.