Mkwe Wangu na Wanaume wa Simuni

Ikolo, Kyela

Ugonile, mwanangu Brighton?

Mvua zipo, kakao inachanua, na meno yangu yamebaki manne.

Uliniagiza nimchunguze mkeo, eti kila jioni anaongea na wanaume simuni. Umesahau kwamba kwetu baba mkwe hatazamani na mkwewe? Basi nikajibanza nyuma ya ukuta wa jiko, nikatega sikio kama mwizi wa kuku.

Wanaume wapo kweli! Wa Pemba, wa Kigoma, na wanawake pia, wote walimu wa hesabu. Mkeo Evodia alikuwa anawafundisha kufundisha: "Kata ndizi nusu. Ndani ya hiyo nusu mna robo ngapi? Mbili!" Yule wa Pemba akashukuru kwenye spika, "Ndaga fijo, mwalimu wetu." Kinyakyusa, kutoka Pemba!

Kumbe unagawanya nusu kwa robo na jibu linakua! Hesabu hizo ndizo nilizochapiwa darasa la tatu hadi nikatoroka shule. Nimezielewa juzi, ukutani, na mvi zangu. Nilitamani kunyoosha kidole.

Simu yake usiiguse. Ukimnyang'anya, nitauza dume lako la ng'ombe nimnunulie simu nyingine. Jumanne wanaanza asilimia, nami sikosi.

Baba yako,
Adolf Mwaisumo