Kidole Kando ya Chui

POLISI, KITUO CHA CHAKE CHAKE, PEMBA
Maelezo ya shahidi katika shauri la kuibwa negativu ya picha, dukani kwa Ngwali Shaame
Tarehe 6 Juni 1959, saa tatu na robo asubuhi

Jina: Silima Mabruki. Umri: miaka 34. Kazi: mkulima wa mihogo. Makazi: Ole. Dini: Mwislamu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe kwa baiskeli, sikuitwa.

Ngwali Shaame namjua tangu chuoni, tulisoma Kurani kwa mwalimu mmoja. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, alikuja Pemba mzungu mpiga picha za wanyama, tukimwita Bwana Miwani. Alituajiri sote wawili. Ngwali alimbebea kamera akafundishwa kuitumia. Mimi alinichukua kwa macho yangu, kwa sababu nimekulia kulinda mihogo isiliwe na tumbili, na naweza kumjua tumbili kwa mkia tu ndani ya majani.

Mwezi wa Januari alituvusha bara mpaka kaskazini ya Kenya, jangwa la Chalbi, kutafuta chui. Huko hakuna mti wa kukuficha. Ni mawe, vumbi na upepo wa moto. Tulikaa siku kumi na moja ukingoni mwa korongo kavu, tumejifunika turubai, na chui hatukumwona.

Mnamo tarehe 12 Februari, saa moja asubuhi, Bwana Miwani alikuwa kambini na homa. Kamera alimwachia Ngwali. Mimi niliona kwenye jabali la ng'ambo kitu kama kivuli, lakini jua lilikuwa halijafika pale, kivuli kingetoka wapi? Nikatazama mpaka nikaona sikio. Nikamwambia, "Ngwali, chui yule." Akasema, "Mie simwoni." Nikanyoosha mkono mbele yake nikamwonesha kwa kidole. Akasema, "Wapi, Silima? Mie naona mawe tu." Nikamwambia afuate kidole changu mpaka mwisho. Chui akainua kichwa. Ngwali akapiga. Picha ilikuwa moja tu, chui akaondoka.

Bwana Miwani alifurahi sana, akampa Ngwali ile negativu, yaani kipande cha filamu ambacho picha husafishwa kwacho, na kamera moja ya zamani. Mimi alinipa mkono.

Tuliporudi, Ngwali alifungua duka la picha hapa Chake. Chui alimtundika mlangoni, mkubwa kama mlango wa kabati. Watu walikuja kutoka Kiuyu mpaka Kengeja kumtazama. Siku moja mwezi wa Mei nilikuwa nimesimama palepale dukani, mzee mmoja akamuuliza Ngwali, "Ulimwonaje mnyama huyu kwenye mawe matupu?" Ngwali akajibu, "Jicho tu, mzee wangu." Yule mzee akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwapo? Ulikuwa ukiwapikia chai?" Watu wakacheka. Ngwali naye alicheka.

Tangu siku ile nilikuwa nikirudi pale mlangoni. Nilikuwa nikiitazama ile picha najiambia mkono wangu ulikuwa mbele ya kamera, lazima umo. Katika picha ya mlangoni haumo.

(Hapa nilimkatisha shahidi, nikamwonya kuwa halazimiki kusema neno la kumtia hatiani, na atakalosema litaandikwa. Akajibu: "Andika, Bwana Sajini.")

Jumatatu tarehe 1 Juni, saa sita na nusu mchana, Ngwali alikwenda msikitini kusali adhuhuri. Duka hulifunga kwa kijiti tu. Niliingia, nikafungua kopo la biskuti anamoweka filamu zake, nikachukua ile ya chui. Nilikwenda nayo shambani nikaiinua juani. Pembeni chini, upande wa kushoto, pana kidole. Ni changu. Kimepinda kwenye kiungo, nilijikata kwa panga nikiwa mdogo. Ngwali alipoisafisha picha alikikata.

Jumanne nikasikia amekamatwa Nyange Khatib, anayefagia duka na kulichotea maji. Nyange ni mtu mzima na sijamsikia akisemwa na mtu. Nilijua palepale kuwa yanipasa nije. Sikuja. Niliwaza kuwa nikiirudisha, Ngwali atakikata kidole tena. Siku tatu Nyange amelala humu, nami nilikuwa shambani natazama kidole.

Jana baada ya sala ya Ijumaa mke wa Nyange, Bi Mwanapili, alikuja kwangu Ole kwa miguu, ana kibakuli cha chakula cha mumewe. Akasema, "Silima mwanangu, wewe ni rafiki yake Ngwali. Niombee kwake." Nilimkaribisha maji, akayanywa, akanishukuru. Sikulala.

Negativu hii hapa, nimeifunga kwa kitambaa, haina mkwaruzo. Bwana Sajini ameiinua dirishani akasema, "Huyu chui kapigwa vizuri." Nimemwomba aandike na kidole.

Nimesomewa yote haya, ni maneno yangu, sikushurutishwa na mtu.

Sahihi: Silima Mabruki (kwa herufi za Kiarabu)

Maelezo ya afisa: Nimepokea negativu moja. Inaonesha chui juu ya jabali, na pembeni kidole cha mtu. Nyange Khatib alifunguliwa saa tano kasorobo. Akauliza ni kitu gani alichofungiwa, kwani hakuwahi kukiona. Nilimpa, nikamwambia kimeletwa na shahidi, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kitambo. Kisha akamtazama shahidi, akasema, "Kwa hili tu, Silima?" Nyange alinirudishia, akatoka na mkewe, aliyekuwa akimngoja nje.

Sajini Msellem Jaribu