Shimo la Tatu

Shemeji yangu,

Hapa hatujambo. Paa halivuji tena, na mbuzi wa jirani ameanza kukanyagia ule mguu. Ulivunjika alipotumbukia shimoni, kule kwenye jalala la zamani ulikochimba chupa siku tatu tu baada ya kumzika kaka yako.

Uliondoka na chupa zako za kale, ukaacha mashimo matatu wazi. Jirani akaja mlangoni kwangu: "Mama, marehemu wako ametuachia mitego!" Marehemu wangu! Miaka yote aliyochimba chupa, hakuwahi kunawa mikono kabla ya kufukia shimo lake. Nikimwita chai inapoa, alikuwa akijibu, "Ngoja, mke wangu, ardhi bado iko uchi." Leo anatukanwa kaburini kwa mashimo yako!

Nimechukua beleshi lake nikafukia mawili. Mgongo nao umenijibu. La tatu nimelifunika kwa mlango wa banda la kuku, nikamwambia jirani kwamba linamngoja mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Kuku wanalala jikoni kwangu. Njoo Jumamosi.

Ni mimi, mke wa kaka yako.