Majani Aliyoyang'oa Esinam

Agbedorkope,
Kando ya Ziwa Volta.
Jumapili, 9 Machi 1986.

Mpendwa mdogo wangu Agbeko,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Abidjan? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kwa baridi ya ghala la samaki kimeachia? Sisi tunaamka na tunakula. Ugali wetu wa akple upo, samaki nao wapo ingawa wamekuwa wembamba kama vidole. Mama ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Barua hii tafuta pa kukaa uisome peke yako.

Ziwa limeshuka sana tangu Desemba. Unajua maji yakipungua na kutulia jinsi mwanga unavyofika chini, na yale majani tunayoyaita mkia wa paka yanavyojaa mpaka mtumbwi unakwama. Unakumbuka nani alikuwa akiyang'oa hapa dikoni, mitumbwi inapofikia? Mkeo. Mama alisema, "Mwanamke asiyezaa angalau afanye kazi inayoonekana." Miaka miwili Esinam alisimama humo kila asubuhi, maji yakimfika kifuani, akivuta majani na kuyatupa kando. Hakuna aliyemshukuru. Mimi ndiye sikumshukuru kabisa.

Kilichofuata ulikisikia kwa mdomo wa Mama. Sasa kisikie kwangu. Esinam alianza kutoka damu isiyo ya mwezi, na maumivu ya tumbo. Mama alikiona kitambaa chake, akakining'iniza kwenye uzio wa uani ili shangazi zetu wakione. "Mwanangu yuko ng'ambo anahangaika," alisema, "na huyu analeta magonjwa ya wanaume wa sokoni!" Esinam aliapa kwa kaburi la baba yake. Shangazi wakacheka. Mimi wifi yake, niliyesukwa nywele na mikono yake, nilisema, "Kaburi halisemi, ndiyo maana unaliapia."

Ndipo ikaja barua yako. Ilikuwa na mistari miwili: aondoke kabla hujarudi, na asichukue kitu. Nilimsomea mimi mwenyewe, polepole, mbele ya watu.

Siku ya kuondoka diko lilikuwa limeziba tena. Mtumbwi wa kumvusha haukuweza kusogea. Mama akamwambia, "Ingia ujisafishie njia." Akaingia, Agbeko. Akang'oa mpaka jua likawa kali, sisi tumeketi ufukweni tunamenya mihogo, kisha akapanda na nguo zake zikichuruzika maji. Hakutuaga.

Miezi miwili baadaye alikuja mama mmoja msomi kutoka Accra, Naa Lamiley, mtu wa kuchunguza mimea ya majini. Alivuta shina moja la mkia wa paka, akalikung'uta ndani ya beseni jeupe. Wakadondoka konokono wadogo kama punje za ulezi, wengi mno. Akasema hao ndio wanaobeba kichocho, na majani yale ndiyo nyumba yao na chakula chao.

Akauliza, "Nani huyasafisha hapa?"

Nikamjibu kwamba tulikuwa na mtu, tukamfukuza. Akaniuliza alifukuziwa nini. Nilipomweleza, aliweka beseni chini. Alisema kwa mwanamke ugonjwa huo hufanya vidonda sirini, hutoa damu, huharibu mimba. Halafu akasema jambo lililonichoma zaidi: majani yale hayana mizizi. Ukiyakata, kila kipande kinachobaki majini huwa mmea mpya. Kwa miaka miwili tulimtuma Esinam apande alichokuwa aking'oa.

Wenzake walipima mkojo wa watu arobaini na mmoja. Thelathini na watatu tuna kichocho, Mama akiwemo. Unajua alisema nini? "Ugonjwa wangu ni wa maji. Wa yule ulikuwa wa uhuni."

Na wewe, mdogo wangu, ulipoanza kukojoa damu ukiwa na miaka kumi na miwili, Baba alichinja jogoo akasema umekuwa mwanamume. Damu yako ilipikiwa mchuzi.

Wiki jana nilivuka ziwa kumfuata. Anaishi kwa mjomba wake, anakaanga samaki. Amekonda, lakini anasimama wima. Aliniletea maji ya kunywa kama mgeni yeyote.

"Wifi, umekuja kuona kama nimekufa?"

Nilipiga magoti. Nikamwambia yote, ya konokono, ya mkojo, ya Mama.

"Nilishaambiwa hospitalini," alisema. "Nilimeza vidonge, vidonda vikapona. Kizazi hakikupona. Daktari alisema kingepona kama ningefika mwaka mmoja mapema."

"Rudi nyumbani, Esinam. Nitasema mbele ya wote kwamba tulikusingizia."

"Sema. Lakini usiseme kwa ajili yangu. Mimi sirudi." Akageuza samaki kwenye mafuta. "Inuka, wifi. Unanizibia jiko."

Wazee wake wameshatuletea vinywaji vya kuvunja ndoa. Mjomba wetu Sewornu amevipokea. Kwa hiyo huna mke.

Kuhusu huyo msichana wa Abidjan uliyeandika kwamba mtafunga ndoa Pasaka: nenda kapime kwanza. Naa Lamiley anasema kichocho cha muda mrefu huweza kuharibu mbegu za mwanamume pia. Miaka yote sita ya ndoa yenu tulimwita Esinam tasa, na hakuna aliyekupima wewe. Usimfanye mtoto wa watu abebe jina ambalo huenda ni lako.

Nilisema mbele ya wote Ijumaa, kama nilivyoahidi. Shangazi walinuna. Mama hazungumzi nami, ananisukumia sahani kwa mguu.

Mjomba Sewornu anakusalimu. Shangazi Mawusi na Shangazi Kekeli wanakusalimu. Mama anakusalimu na anakuombea mke mwenye heshima. Esinam nilimuuliza kama ana salamu za kukutumia, nikamuuliza tena nikiwa mlangoni. Hakukutumia.

Mungu akupe afya, na akupe aibu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Ablavi.