Nywele za Dzigbodi

Tamale, msimu wa vumbi

Shemeji yangu Akpene,

Salamu kutoka kaskazini. Upepo mkavu umetupasua midomo, na sasa hata uji naumeza kwa taabu. Daktari haniambii tena nirudi lini.

Umeniandikia kwamba bado unamwota mdogo wako amesimama mlangoni kwenu Keta, haingii. Nililia, kwa sababu najua kinachomzuia.

Mke wangu Dzigbodi alipofariki huku mbali, mliniagiza nilete nywele na kucha zake zizikwe nyumbani badala ya mwili. Nilileta, lakini si zote. Unakumbuka kazi yangu ya kusahihisha vipima unyevu katika kituo cha hali ya hewa? Ndani ya kipimo mna nywele za mtu: hewa ikilowa hurefuka, ikikauka hufupika, nazo huusogeza mshale. Kimoja nilikitia zake. Kila mwezi nilikifungia ndani ya mtungi wenye chumvi iliyolowa, nikingoja mshale utue kwenye sabini na tano, unyevu ambao hewa ya chumvi hiyo huwa nao daima. Mtungi huohuo ndio aliokuwa akinichekea enzi za uhai wake: "Mume wangu, supu ya chumvi bila samaki atakula nani?"

Nywele zake hazikukosea, shemeji. Mvua ya kwanza ikikaribia mshale ulipanda, nami nikasema, "Karibu, mama."

Jana nilizifungua. Zimo ndani ya bahasha hii. Zizike pamoja na zile nyingine kabla sijafa, ili nikifika nimkute ameshaingia ndani.

Mume wa mdogo wako,
Kwasivi