Msiba Ulipita Kwenye Simu

Jumatatu, 14 Julai
Sura ya sita, bado nachapa. Kaka Shomari, mtoto wa baba mkubwa, anaandika kwa kalamu kule Kibuta. Mimi huku Kibaha nageuza mwandiko wake wa kuku kuwa kitabu. Leo kanichekesha: "Habari iliyotumwa kwa wote haikutumwa kwa mtu." Mwalimu mstaafu mwenye simu ya kitochi, anaiogopa simu yangu kuliko chatu.

Jumatano, 16 Julai
Kanipigia. Sura iko wapi? Nikasingizia kidole kinauma. "Mdogo wangu, hiyo simu imekuoa, na mahari yako hatujala." Kutwa iko mkononi, kweli. Ila kundi la ukoo nimelizima sauti. Maua ya asubuhi njema yamezidi, na shangazi hachoki kutuma dawa za kisukari.

Alhamisi, 17 Julai
Kazini kama kawaida. Jioni ugali na dagaa. Nimechapa kidogo, nimelala mapema.

Ijumaa, 18 Julai
Mchana nimefungua kundi la ukoo kutafuta picha ya harusi. Kaka Shomari amefariki. Jana alfajiri, kifua. Amezikwa jana hiyo hiyo, alasiri. Chini yake vile vimikono vya dua, safu kwa safu. Mmoja kaandika, "Pole sana Hamisi." Hakuna aliyenipigia. Kila mtu alidhani nimesoma. Zamani angetumwa mtu. Angebisha hodi, apewe maji, ndipo aseme. Nimelia ofisini, mtu mzima na kitambi changu.

Jumamosi, 19 Julai
Kibuta. Nilijiandaa kutukanwa. Shemeji Mwanaidi, mjane wake, hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo limenimaliza. "Tulikusubiri, shemeji. Walitaka kubeba jeneza, nikawazuia. Nikasema Hamisi hawezi kukosa, yuko njiani." Mimi wakati huo nilikuwa nakunywa chai.

Jumapili, 20 Julai
Nimekwenda makaburini peke yangu. Udongo umeshakauka juu. Kila aliyekuja kuzika alitia mchanga wake. Nikasoma Fatiha, nikachota wangu kwa mkono, nikaumwaga. Ukateleza pembeni. Kaburi lilikuwa limeshajaa.